Nani Anaifikia Betri?

Nazungumza nanyi mlio Embu mjini na Runyenjes, mlio Chuka, Nkubu na Makutano, hadi kwenu Maua kule Nyambene. Mazungumzo ya leo ni ya betri ambayo wengi wenu mnayo nyumbani na hamjawahi kuiona kwa macho. Imejificha ndani ya mashine ya gemu. Ni bapa, ya mviringo, inang'aa, na juu yake pameandikwa CR2032. Namba hizo ni vipimo tu: 20 ni milimita za upana, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Inatoa volti 3. Mashine ikichomolewa ukutani, betri hiyo ndiyo inayobaki zamu.

Nataka kuwashawishi jambo moja. Mahali betri hii ilipowekwa, na namna ilivyofungwa, ni uamuzi uliopitishwa na mtu fulani ofisini kwake, Japani au Marekani, miaka mingi iliyopita. Yeye alimfikiria mteja wa kwanza. Sisi huku ni wateja wa tatu, wa nne, wa tano. Betri ilipokuwa mpya haikumsumbua yeyote; imekuja kufia mikononi mwetu. Kwa hiyo mtu aliyestahili kuulizwa maoni alikuwa fundi wa Makutano, na hakuulizwa.

Tuanze na mashine zenyewe. Waliokua miaka ya tisini wanazikumbuka zile za kaseti, zilizoigwa kutoka Famicom, mashine ambayo Nintendo ilianza kuiuza Japani mwaka 1983. Kaseti iliandikwa kwamba ina gemu mamia, ukiifungua unakuta ni chache zinazojirudia kwa majina mengine: Mario, Contra, na ile ya kupiga bata kwa bunduki ya plastiki. Nyingi ya kaseti hizo hazikuwa na betri wala kumbukumbu ya aina yoyote. Ukifika hatua ya mwisho na stima ipotee, umerudi mwanzo.

Na stima ilipotea, tena inapotea hadi leo. Hapa kuna kejeli ambayo watu wa Embu wanaijua vizuri. Kusini mwa kaunti yao Mto Tana umezuiwa mara tano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, na Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225. Lakini kukaa jirani na bwawa hakumzuii mtu kukaa gizani. Mtoto wa Mbeere aliyekuwa karibu kumshinda adui wa mwisho wa Contra alijifunza mapema kwamba mashine isiyo na kumbukumbu haikuhurumii.

Wahandisi walilitafutia dawa tatizo hilo, na dawa mojawapo ya mwanzo ilikuwa betri. Gemu ya The Legend of Zelda ilipouzwa Marekani mwaka 1987, ndani ya kaseti yake mlikuwa na chipu ya kumbukumbu na betri bapa ya kuilisha. Chipu ya aina hiyo hushika maandishi kwa muda wote inaopata umeme, hata kidogo sana. Umeme ukikatika sekunde chache, kila kitu kinafutika. Baadaye ikaja chipu ya pili, ile iliyomo kwenye flashi mnazobebea nyimbo. Hiyo huandika na kushika bila kulishwa chochote. Unaweza kuiweka kabatini miaka mitano na maandishi yakabaki.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kazi ya fundi, kwa hiyo niikazie kwa mifano. Sega Saturn, iliyotoka mwaka 1994, hutunza hatua za mchezaji kwenye chipu ya aina ya kwanza. Betri ikifa, hatua zote zimekwenda. PlayStation 2 ni kinyume: hatua zako ziko kwenye kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8, ambayo ni chipu ya aina ya pili. Betri ya ndani inashughulika na saa na tarehe. Ikifa, utapoteza tarehe, lakini ligi yako ya msimu mzima iko salama. Mafundi wawili wanaweza kufanya kitendo kilekile, kutoa betri na kuweka nyingine, mmoja akashukuriwa na mwingine akalaaniwa, kwa sababu hakuuliza kwanza ni nini kinachotegemea betri ile.

PlayStation 2 naitaja kwa makusudi. Sony iliitoa Japani tarehe 4 Machi 2000, na zimeuzwa zaidi ya milioni 160. Hakuna mashine ya gemu ya sebuleni iliyowahi kuuzwa kwa wingi kuliko hiyo. Nyingi zilimaliza maisha yao ya kwanza Ulaya na zikaja kuanza ya pili hapa, zikiitwa ex-UK, kisha ya tatu kwenye vibanda vya kuchezea: benchi la mbao, televisheni mbili tatu, padi zilizofungwa kwa utepe, na kijana wa kukusanya pesa kila mechi ikiisha. Baada ya hapo zikafuata PlayStation 3 na PlayStation 4 kwa njia ileile. Kwenye vibanda hivyo ndipo utakaposikia maneno kama haya:

"Fundi, hii mashine yangu inanisumbua. Kila asubuhi imesahau tarehe."

"Iko na umri gani, kijana?"

"Sijui. Nilinunua kwa jamaa, naye alinunua kwa jamaa."

"Unaizima wapi, kwa mashine ama ukutani?"

"Ukutani, fundi. Tokeni zinaisha."

"Basi hiyo ni betri. Niletee kesho kabla hujafungua kazi."

Fundi ameuliza swali la maana pale. Mashine ikiwa imechomekwa, hata kama imelala, saa yake kwa kawaida hulishwa na umeme wa ukutani na betri inapumzika. Ukizima ukutani, betri inabeba mzigo peke yake. Tupige hesabu ndogo. Betri ya CR2032 ikiwa mpya ina takriban miliampea-saa 220. Tuseme saa ya mashine inakula maikroampea 5, yaani sehemu tano za milioni moja ya ampea. Ukigawanya unapata saa 44,000, ambazo ni kama miaka mitano. Anayeacha mashine imechomekwa usiku na mchana huenda betri ikamtumikia miaka kumi na zaidi. Sisi tunaozima ukutani kila usiku ili kuokoa tokeni za umeme, na ambao stima yetu hukatika mvua ikinyesha, tunaimaliza mapema. Hatufanyi kosa. Tunaishi tunavyoishi, na mashine ilibuniwa kwa nyumba ambayo soketi haizimwi.

Mtaniambia: tarehe ni kitu gani? Mchezaji hahitaji kalenda ili afunge bao. Nami ningekubaliana nanyi kama si jambo lililojulikana mwaka 2021. Machi mwaka huo Sony ilitangaza kwamba itafunga duka la mtandaoni la PlayStation 3. Wateja wakapiga kelele, na Aprili kampuni ikabatilisha uamuzi. Lakini katika zogo hilo, watu wanaohifadhi gemu za zamani walianika shida nyingine. Kwenye PlayStation 4, betri ya saa ikifa na mashine ikawa haijaunganishwa na mtandao wa Sony, mashine ilikataa kufungua gemu. Hata gemu ya diski, uliyoinunua kwa pesa yako na kuishika mkononi.

Sababu ilikuwa nishani. Mchezaji akifanikiwa jambo fulani, mashine humpa nishani ya kidijitali na kuandika siku na saa aliyoipata. Ili watu wasidanganye kwa kurudisha saa nyuma, Sony ilifunga mlango: mashine isiyoijua tarehe ya kweli ilipaswa kwanza kuuliza mtandaoni. Hivyo mali ya maelfu ya shilingi ikategemea betri ya bei ndogo, na betri hiyo ikifa, ikategemea kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo ya bahari. Mwaka huohuo wa 2021, Septemba, Sony ilitoa sasisho namba 9.00 lililoondoa kizuizi hicho, bila tarumbeta.

Mwenye kibanda cha gemu Kianjokoma au Mikinduri asichukulie kwamba hilo limepita. Mashine isiyounganishwa na intaneti haikujipatia sasisho lolote. Kama PlayStation 4 yako bado iko chini ya 9.00, lete sasisho kwa flashi sasa, betri ikiwa bado hai. Na kwa PlayStation 3, gemu zilizonunuliwa kwa kupakuliwa bado zinaweza kugoma betri ikifa na mtandao haupo. Kwa hiyo kule, kubadilisha betri mapema ni ulinzi wa mali.

Sasa kazi yenyewe. Kuna namna tatu betri inavyofungwa, na hapo ndipo tunaona tabia ya aliyebuni.

Ya kwanza ni ya kiungwana: betri imekaa kwenye kishikizo. Sega Saturn ina kijimlango kidogo nyuma. Unakifungua kwa kidole, unasukuma betri, unaweka nyingine. Mtoto wa darasa la sita anaweza. Ya pili ni ya plagi. Kwenye PlayStation 3 betri imevikwa plastiki na kutolewa nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, zinazoingia kwenye plagi ndogo ya bodi. Ukishaifungua mashine, kazi ni nyepesi. Tatizo ni kuifungua, kwa sababu baadhi ya skrubu zina umbo la nyota ya pembe sita na kinundu katikati, na bisibisi yake haiuzwi kila duka. Tena ndani mna sehemu ya umeme mkubwa. Chomoa waya ukutani, subiri kidogo, kisha ndiyo ufungue.

Ya tatu ndiyo inayowachosha mafundi: betri iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Kaseti za Game Boy ziko hivyo, na Sega Dreamcast ya mwaka 1998 pia. Hapa nina maonyo matatu, na fundi anayenisikiliza ataniunga mkono.

Onyo la kwanza: usilehemu juu ya mwili wa betri yenyewe. Joto linaweza kuifanya ivuje au ilipuke. Nunua iliyokwisha kuwekewa masikio ya chuma kiwandani, au bora zaidi, lehemu kishikizo mahali pake ili fundi atakayekuja baadaye asihitaji risasi tena.

Onyo la pili: tazama kama betri ya zamani ni ya kuchajiwa. Ile ya Dreamcast ni ya kuchajiwa. Mashine huilisha kila inapowashwa. Ukiweka CR2032 ya kawaida, ambayo haichajiwi, bila kubadilisha chochote kwenye bodi, mashine itaendelea kuisukumia umeme ambao haiwezi kuupokea. Zinafanana kwa macho na volti ni zilezile, lakini hazibadilishani.

Onyo la tatu ni la zile chipu zinazosahau. Kama hatua za mchezaji ziko kwenye chipu inayolishwa na betri, usiitoe kabla ya kuandaa mlezi mwingine. Mafundi wenye subira huchukua mawe mawili madogo ya redio, kila moja volti 1.5, wakayaunganisha kufikia volti 3, wakaipa bodi umeme kwa nyaya mbili wakati betri ya zamani inatoka na mpya inaingia. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, mkono usitetemeke. Asiye na uhakika na mkono wake amwambie mteja wazi: "Mzee, hizi hatua zinaweza kupotea. Nifanye ama niache?" Mteja akubali kwanza.

Kabla ya yote hayo, pima. Betri mpya kwenye mita husoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikisoma 2.5, imechoka. Na ile mpya uliyonunua, ipime pia kabla ya kuifungia ndani, maana iliyokaa dukani miaka mingi inaweza kuwa imezeeka ikiwa bado kwenye karatasi yake. Mara nyingi fundi anayelaumiwa kwa kazi mbovu aliuziwa betri mbovu.

Wasikilizaji, kabla sijaendelea, nizungumze na wazazi. Betri hii ni hatari kubwa kwa mtoto mdogo. Ina ukubwa wa sarafu, na mtoto wa mwaka mmoja au miwili huiweka mdomoni kama anavyoweka kila kitu. Ikikwama kwenye umio, umeme wake hukutana na mate, hutengeneza kemikali kali, na kuunguza nyama. Ndani ya saa mbili madhara yanaweza kuwa makubwa. Usingoje kuona kama itatoka yenyewe, na usimtapishe. Mpeleke hospitali ya rufaa ya Embu au ya Meru, au iliyo karibu nawe yenye picha ya eksirei, na useme wazi kwamba ni betri, isije ikadhaniwa ni sarafu.

Na hapa watu wa Tharaka na Mbeere mna dawa ya njiani ambayo wengine huinunua ghali. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2018 kwamba asali hupunguza kasi ya kuungua huko. Mwongozo wa wataalamu wa sumu unasema mtoto aliyepita mwaka mmoja, na anayeweza kumeza, apewe vijiko viwili vya chai vya asali kila baada ya dakika kumi, mkiwa njiani. Mkiwa njiani, nasisitiza. Asali haiitoi betri. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa. Na kama asali haipo nyumbani, msipoteze dakika kuitafuta.

Betri iliyokufa nayo isitupwe ovyo. Ibandike utepe pande zote mbili isije ikagusana na nyingine na kupata moto, kisha iweke kwenye mkebe mahali mtoto hafiki. Usiichome pamoja na takataka za shambani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka anayeleta bidhaa nchini awajibike pia kwa mwisho wake. Fundi anayekusanya betri kwenye mkebe amefanya sehemu yake. Anayeziingiza nchini kwa makasha naye aonekane akifanya yake.

Narudi kwenye hoja yangu. Dunia imeanza kuelewa kwamba kishikizo cha betri si jambo dogo. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2023 inayosema kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027, vifaa vingi vyenye betri ndogo vinavyouzwa huko vibuniwe ili mtumiaji mwenyewe aweze kuitoa na kuibadilisha kwa zana za kawaida. Kanuni hiyo ina mianya yake, na haikuandikwa kwa ajili ya Meru. Lakini vinavyouzwa Ulaya leo ndivyo mitumba yetu ya kesho, kwa hiyo faida itatufikia pamoja na mizigo. Tusiisubiri tumekunja mikono. Vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha elektroniki. Mashine za gemu zilizokufa ziko tele, na kijana anayezipenda tayari ana hamu ya kuzifungua. Apewe mita, chuma cha kulehemu na mwalimu, atajifunza kwenye bodi ya PlayStation yaleyale atakayoyahitaji kwenye mizani ya kituo cha majani chai au mita ya maji.

Nanyi mnaonunua, iwe ni mashine ya gemu, redio, au saa ya mtoto, muulizeni muuzaji maswali matatu kabla ya kutoa pesa. Betri iko wapi? Imeshikwa na nini? Ikitolewa, ni nini kitakachopotea? Akiwa na majibu, mlipeni bei yake. Akikosa majibu, toeni kwenye bei hiyo malipo ya fundi, maana mmekwisha kujua ni nani atakayeifungua.